Kupanga Hai-Fai Nyumbani Mpaka Spika Zipotee Masikioni

Weka rekodi ya mwimbaji mmoja na gitaa, kaa kitini, fumba macho. Hai-fai, yaani mfumo wa kusikilizia muziki nyumbani, ikipangwa vizuri humsimamisha mwimbaji katikati, pale pasipo na spika yoyote, kwenye kimo cha mdomo wa mtu, na gitaa lake likawa chini kidogo. Spika zenyewe huzisikii. Zirudishe spika hizohizo nusu mita nyuma, sauti yake inajaa kifua. Igeuze moja kidogo tu, mwimbaji anahamia ndani ya boksi. Hakuna kifaa kilichobadilishwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inafanyika sakafuni, ukiwa na futi kamba mkononi.

Spika zilizoacha jina, na mahali zilipotaka kukaa

Spika zinazotajwa mpaka leo hazifanani umbo wala bei, ila kila moja ilibuniwa na mtu aliyejua itakaa wapi chumbani. Klipschorn, aliyoibuni Paul Klipsch nchini Marekani miaka ya 1940, huifanya kona ya nyumba kuwa sehemu ya tarumbeta lake la besi: kuta mbili ndizo zinazomalizia mdomo wa tarumbeta. Ukiiweka katikati ya ukuta, au kwenye kona yenye mlango, besi inavuja na kilichobaki ni sauti kali.

Quad ESL ya mwaka 1957, kazi ya Peter Walker wa Uingereza, ni kinyume chake kabisa. Haina boksi. Utando mwembamba wa plastiki wenye chaji ya umeme hutikisika kati ya bamba mbili zenye matundu, ukitoa sauti mbele na nyuma kwa nguvu ileile. Mgongo wake unahitaji angalau mita 1 ya nafasi wazi, la sivyo sauti ya nyuma hugonga ukuta na kurudi kuivuruga ya mbele. Ubavuni hutoa sauti kidogo mno, hivyo ukuta wa pembeni hauisumbui.

Edgar Villchur, katika AR-1 ya mwaka 1954, alilifunga boksi lisipitishe hewa, na hewa iliyonaswa ndani ikawa springi ya koni, ile sehemu ya spika inayotikisika. Boksi la kukaa kwenye rafu likaanza kutoa besi ambayo kabla ya hapo ilihitaji kitu cha ukubwa wa kabati la nguo. Nayo LS3/5A ya BBC, ya miaka ya 1970, ilitengenezwa kwa ajili ya sehemu finyu kama magari ya matangazo. Urefu wake ni sentimita 30 hivi, na besi yake ya juu imevimbishwa kidogo makusudi ili isikike kubwa kuliko mwili wake. Ukiisukuma hadi ukutani, ukuta unaongeza uvimbe mwingine juu ya ule, na mtangazaji anasikika kama anaongea ndani ya pipa. Inataka stendi na nafasi wazi. Kitambaa chake cha mbele usikivue, maana wabunifu waliisikiliza na kuirekebisha kikiwa kimevaliwa.

Basi, ukivutiwa na spika ya zamani, uliza kwanza kama nyumbani kwako kuna mahali inapopataka. Kama hapapo, mwache mwingine ainunue.

Kabla ya kuwasha kitu cha zamani

Amplifaya iliyokaa miaka bila kuwashwa usiichomeke moja kwa moja kwenye umeme. Mafundi huiunga kwa mfululizo na balbu ya nyuzi ya wati 60 hadi 100. Balbu ikiwaka kwa nguvu sekunde moja kisha ikafifia, hali ni nzuri. Ikibaki inawaka kwa nguvu, ndani kuna shoti, na balbu ndiyo iliyookoa transfoma. Kama hujazoea umeme wa nyumba, kazi hiyo mpe fundi. Usifungue kifuniko mara tu baada ya kuzima, kwa sababu kapasita kubwa hubaki na chaji yenye kuumiza.

Ikishatulia, kabla ya kuunga spika, pima volti za DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri) kwenye matundu ya spika. Chini ya milivolti 50 ni salama. Ukiona mamia ya milivolti, rudisha kwa fundi, maana umeme huo utaisukuma koni ya wufa (spika ya besi) upande mmoja na kuichemsha koili yake. Volyumu ikikwaruza unapoizungusha, dawa ni spreyi ya kusafishia kontakti za umeme, tone dogo ndani ya volyumu yenyewe, kisha izungushe mara 30 mbele na nyuma. Spreyi za kulegezea skrubu zenye kutu zisitumike hapo: huacha mafuta yanayokusanya vumbi.

Kwenye spika, gusa kwa upole ukingo laini unaozunguka koni. Ukingo wa mpira huishi miongo mingi. Wa sponji huoza, na ukishika vidole vikatoka na unga au utelezi mweusi, unahitaji mpya. Kazi hiyo inafanyika nyumbani. Pima kipenyo cha koni na cha fremu kwa milimita kabla ya kuagiza sponji, sugua gundi ya zamani kwa spiriti mpaka kingo ziwe safi, kisha gundisha sponji kwenye koni kwanza na uiache ishike. Hatua ya fremu ndiyo inayoharibu spika nyingi: koili isipokaa katikati kabisa ya pengo la sumaku, itakwaruza milele. Cheza mlio wa hezi 30 (mitikisiko 30 kwa sekunde) kwa sauti ndogo, koni icheze milimita 3 au 4, huku ukiibana sponji kwenye fremu kidogo kidogo kuzunguka. Ukisikia mkwaruzo, sogeza upande ule kabla gundi haijakauka. Kisha iache saa 24.

Chumba kinapiga muziki wake

Mawimbi ya besi ni marefu kuliko chumba. Wimbi la hezi 40 lina mita 8 na nusu, kwa hiyo linagonga ukuta, linarudi, linajigonga lenyewe. Kila chumba kina hezi zake kinazozikuza, na hesabu yake ni rahisi: gawa 343, ambayo ni kasi ya sauti kwa mita kwa sekunde, kwa urefu wa chumba mara mbili. Chumba cha mita 5 kinanguruma hezi 34. Mita 4 ni hezi 43, mita 3 ni hezi 57, dari ya mita 2.5 ni hezi 69. Chumba cha mraba, mita 4 kwa 4, kina hezi 43 mara mbili, ndiyo maana nota moja ya gitaa la besi huvuma huku jirani zake zikinyamaza. Kama unaweza kuchagua chumba, epuka mraba.

Hesabu hiyo inakwambia pa kukaa. Kando ya ukuta, mngurumo huo uko kwenye kilele chake: kochi likigusa ukuta wa nyuma, besi inavimba. Katikati ya chumba, mngurumo wa kwanza unapotea karibu wote, na muziki unakonda. Pa kuanzia pazuri ni asilimia 38 ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa nyuma yako, yaani mita 1.9 katika chumba cha mita 5. Kutoka hapo kisogeze kiti sentimita 10 kwa 10. Tofauti utaisikia.

Kuzipanga spika

Toa spika ukutani. Kama chumba kinaruhusu, anza na uso wa spika ukiwa mita 1 kutoka ukuta wa nyuma yake, spika na spika zikiachana mita 2 hadi 2.5, na kiti kikiwa umbali huohuo au zaidi kidogo, karibu pembetatu ya pande sawa. Umbali wa ukuta wa pembeni usifanane na wa ukuta wa nyuma. Kama nyuma ni sentimita 100, pembeni iwe 65 au 70.

Sababu ni hii. Besi hutoka kwenye spika kwenda pande zote. Ile inayokwenda nyuma inagonga ukuta na kurudi, na kwa hezi fulani inarudi imechelewa nusu wimbi kamili, ikaifuta ile ya mbele. Gawa 343 kwa umbali wa ukuta mara nne: mita 1 inachimba shimo kwenye hezi 86, sentimita 70 kwenye 122, sentimita 40 kwenye 214. Umbali wa nyuma na wa pembeni vikilingana, mashimo mawili yanaangukia mahali pamoja na unasikia pengo. Vikitofautiana, kila shimo linakuwa dogo. Shimo haliondoki kabisa, unachagua tu likae wapi, na kwa sikio letu pengo la hezi 200 na kitu, katikati ya sauti ya mwanamume, linaudhi kuliko la hezi 80.

Sasa cheza sauti ya mwanamume anayesoma habari, bila muziki, spika moja tu ikiwa inafanya kazi. Kaa kitini. Mtu mwingine airudishe spika polepole kuelekea ukutani. Kuna mahali msomaji ataanza kuvuma kifuani. Weka alama ya utepe sakafuni. Kisha aivute mbele mpaka sauti ikonde kama ya simu, na hapo weka alama nyingine. Mahali pazuri pako kati ya alama hizo mbili, kwa kawaida katika eneo lisilozidi sentimita 30. Humo sogeza sentimita 2 kwa 2. Ipange spika ya pili kwa vipimo vilevile.

Ulinganifu unataka ukali. Chukua uzi, ushike pale kichwa chako kinapokaa, uvute mpaka kwenye twita (spika ndogo ya sauti za juu) ya kushoto, uweke fundo, kisha uupeleke kulia. Fundo lisipishane na twita kwa zaidi ya milimita 5. Spika moja ikikaribia kuliko nyingine, sauti yake inafika mapema, na mwimbaji wa katikati anavutwa upande huo. Twita iwe kwenye kimo cha sikio ukiwa umekaa, mara nyingi sentimita 90 hadi 105 kutoka sakafuni. Stendi isitikisike. Mguu mmoja ukielea, boksi zima hucheza pamoja na koni.

Pembe ya kugeuza spika ndani ni ya mwisho. Anza zikitazama mabega yako. Mwimbaji akiwa mpana na hana umbo, zigeuze ndani zaidi. Sauti za s na sh zikichoma, zifungue nje kidogo. Pima pembe mbili za nyuma za kila boksi hadi ukutani ili zifanane kushoto na kulia.

Kama umefanya yote na katikati bado ni patupu, besi nayo imekonda ajabu, basi waya za spika moja zimegeuzwa: koni moja inakwenda mbele wakati nyingine inarudi nyuma. Badilisha nyekundu na nyeusi kwenye spika moja tu. Ukitaka uhakika, chomoa waya kwenye amplifaya na ugusishe betri ya volti 1.5 kwenye ncha zake kwa sekunde moja, chanya kwenye ile ya nyekundu. Koni ya wufa inapaswa kuruka mbele kwenye spika zote mbili.

Kuta

Piga kofi moja kali. Ukisikia mlio wa harakaharaka unaofuata, trrr, kuna kuta mbili tupu zinazotazamana na zinarushiana sauti. Rafu ya vitabu yenye vina tofauti kwenye ukuta mmoja inatosha kuukata.

Halafu tafuta mahali sauti inapogonga mara ya kwanza. Kaa kitini, mtu aburute kioo kwenye ukuta wa pembeni, kwenye kimo cha kichwa chako. Pale unapoiona twita ndani ya kioo ndipo pa kutundika paneli: fremu ya mbao ya sentimita 60 kwa 120, iliyojazwa pamba ya mwamba ya kuzuia joto yenye unene wa sentimita 10, ikafunikwa kitambaa unachoweza kupuliza hewa ikapita. Kitambaa kisichopitisha pumzi hurudisha sauti kama ukuta. Ukiacha pengo la sentimita 5 hadi 10 nyuma ya paneli, inafanya kazi mpaka chini zaidi. Vaa barakoa na glavu unapoikata.

Kosa la kila siku ni kubandika sponji nyembamba chumba kizima. Sponji ya sentimita 3 inameza sauti za juu na haigusi chochote hezi 80, ambako wimbi lina zaidi ya mita 4. Matokeo ni chumba kilichokufa juu na kinachonguruma chini, na hicho ni kibaya kuliko kile kitupu. Besi hunaswa konani, kwa pamba nene ya sentimita 30 na zaidi, kutoka sakafu hadi dari.

Ukiwa na kipaza sauti cha vipimo na programu ya bure kama REW, piga mlio wa kupanda kutoka hezi 20 hadi 200 na uangalie mchoro. Ekwalaiza, yaani kirekebishi cha kupunguza au kuongeza hezi fulani, itumie kukata vilele tu. Mashimo usiyajaze: kuongeza desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) ni kudai wati mara 10 kutoka kwa amplifaya, na bado shimo litabaki, kwa sababu kila unachoongeza kinafutwa na ukuta uleule.

Amplifaya na waya

Spika ya desibeli 87 kwa wati 1 hukupa takribani desibeli 80 ukiwa umekaa mita 3 katika chumba cha kawaida, na hiyo tayari ni sauti ya kujaza chumba. Kila ukiongeza wati maradufu unapata desibeli 3 tu. Ndiyo maana amplifaya ya NAD 3020 ya mwaka 1978, yenye wati 20 tu kwa kila upande, iliwaridhisha watu wengi kuliko mashine zilizoizidi mara tatu kwa karatasi. Wati nyingi zinahitajika kwa vilele vifupi vya ngoma na okestra, na kwa spika zinazotoa desibeli chache kwa wati moja. Twita nyingi zilizoungua ziliuawa na amplifaya ndogo iliyozidiwa: vilele vya wimbi vinakatwa, joto lisilo la muziki linakwenda juu, koili nyembamba inayeyuka. Ukisikia ukali unaingia, punguza.

Waya ya shaba ya milimita za mraba 2.5 inatosha hadi mita 10. Ukinzani wake kwa mita 5, kwenda na kurudi, ni omu 0.07, kiasi ambacho spika ya omu 8 haikihisi. Kikubwa ni ncha safi zilizokazwa, na nyuzi zisigusane.

Mngurumo wa chini usiokoma hutoka mara nyingi kwenye vifaa viwili vinavyopata ethi (waya wa ardhini) kwa njia mbili. Chomoa waya za sauti moja moja mpaka unyamaze, kisha peleka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja. Usikate wala kuziba pini ya ethi.

Sindano kwenye mfereji

Kicheza santuri ndicho kifaa pekee hapa ambacho nusu gramu inakiharibia kazi. Weka pima maji kwenye sahani inayozungusha santuri, si kwenye meza. Weka kifidio cha kuvuta pembeni kwenye sifuri, funga uzito wa nyuma mpaka mkono wa sindano uelee sambamba bila kupanda wala kushuka, kisha weka namba ya uzito kwenye sifuri na uzungushe hadi kiwango kinachotajwa kwa katriji yako, ile sehemu inayoshika sindano. Katriji nyingi za sumaku inayotembea hutaka gramu 1.5 hadi 2. Lenga katikati au juu kidogo ya mipaka yake. Woga wa kuchakaza santuri huwafanya watu waweke uzito mdogo mno, na hapo sindano inaruka kutoka ukuta mmoja wa mfereji hadi mwingine, ikichonga plastiki kila inapotua. Hakikisha kwa mizani ndogo ya kidijitali. Kifidio sasa kiweke kwenye namba ileile ya uzito.

Pangilia katriji kwa kadi yenye alama mbili, ya kawaida ikiwa milimita 66 na 121 kutoka katikati ya mhimili. Legeza skrubu mbili, sogeza mpaka mwili wa katriji ulingane na mistari kwenye alama zote mbili, kaza kwa zamu, robo mzunguko kila moja. Kisha laza kioo kidogo chini ya sindano na uitazame kwa mbele. Sindano na kivuli chake vinapaswa kuwa mstari mmoja ulionyooka. Ukiona umbo la mkuki uliovunjika, katriji imelala upande, na kushoto na kulia hazitalingana.

Katriji hiyo hutoa milivolti 5 hivi, na santuri imekatwa besi ikapunguzwa na sauti za juu zikaongezwa kwa kanuni ya RIAA, chama cha kampuni za rekodi za Marekani. Lazima ipitie tundu la fono linalorudisha mizani hiyo. Ukiichomeka tundu la CD utasikia sauti ndogo, kali, isiyo na besi. Waya mwembamba wa ethi ufunge kwenye skrubu yake. Futa sindano kwa brashi kutoka nyuma kuja mbele tu, na baada ya saa 500 hadi 1,000 za kucheza, nunua mpya.

Kila kitu kikishatulia, chora kwa penseli pembe mbili za kila spika sakafuni na uandike vipimo vyake: nyuma, pembeni, na kutoka kwenye kiti. Nyumba itafagiliwa, na spika zitasogezwa.